Nani Anaweza Kusema Hapana?

Mwaka jana nilisafiri na vijana kumi na wanne wa kikundi chetu kutoka hapa Kyangwali mpaka Sipi, kule Kapchorwa, kwenye mteremko wa mlima Elgon. Kwa wasiojua, hiyo ni kuikata Uganda nzima kutoka magharibi mpaka mashariki. Tuliondoka usiku, tukapita Kampala, tukavuka Nile pale Jinja, tukalala Mbale. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kutembea ndani ya nchi, lakini ruhusa si nauli. Nauli ilitoka kwa mradi. Naomba mkumbuke hilo, nitalirudia.

Sipi ina maporomoko matatu ya maji. Lililo refu zaidi linaanguka karibu mita 100. Ili kufika chini yake unashuka korongo kwa njia nyembamba ya udongo, katikati ya mikahawa na migomba, na mahali ambapo mwamba umesimama wima, unashuka kwa ngazi. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Viatu vilijaa matope, magoti yalitetemeka, kila mtu alishika mzizi au mkono wa mwenzake. Kijana mmoja akasema, "Sisi tulikimbia milimani kwetu bure, leo tumelipiwa gari kuja kuteseka mlimani kwa watu!"

Tulicheka sana, lakini neno lile lilinifuata. Kweli, kwa nini? Miguu ni ile ile, mteremko ni ule ule, njaa ya njiani ni ile ile. Kwa nini tabu moja inaitwa matembezi na nyingine inaitwa msiba?

Jibu la kwanza nililipata kwa kijana mwenyeji aliyetuongoza. Kabla hatujaanza kushuka alisema hivi: "Atakayechoka aseme. Tutasimama. Akitaka kurudi, mmoja wetu atarudi naye." Sasa wengi wetu tulivuka Ziwa Albert tukitoka Ituri mwanzoni mwa 2018, tumebanana ndani ya mitumbwi ya wavuvi. Mle ndani nani alikuwa na nafasi ya kusema "nimechoka, nirudisheni"? Nyuma kulikuwa na mapanga na nyumba zinaungua. Basi nikajiambia, tofauti haiko kwenye mwamba wala kwenye maji. Iko kwenye njia ya kurudi. Tabu yenye mlango ni mazoezi, tabu isiyo na mlango ni tabu tu. Nililipenda jibu langu. Nilishuka nalo mpaka chini kama mwenye akili.

Halafu tukafika kwenye bwawa.

Kule Sipi kuna mahali ambapo maji, yakishaanguka, yanatulia kati ya mawe na watu wanaogelea. Maji ni ya baridi ya mlimani, yanakukata pumzi. Wavulana waliruka. Mmoja wao, ambaye najua alivuka ziwa usiku na mdogo wake mgongoni, alikaa humo mpaka midomo ikabadilika rangi. Alipotoka aliniambia kwamba sasa maji yana kitu kingine cha kukumbukwa.

Lakini msichana mmoja alibaki amekaa juu ya jiwe. Nikamwita. Akasema, "Yaya, mimi nitabaki hapa." Nikamwambia ni maji tu. Nikamwambia ametoka mbali, asiharibu safari, na picha ya kikundi inapigwa ndani ya maji. Mwisho akaingia mpaka magotini, akitetemeka, akashikilia mkono wangu kwa nguvu. Picha ikapigwa. Sote tulipiga makofi.

Usiku, ndani ya gari, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yaya, kama ningekataa kabisa, safari nyingine mngeniandika?"

Sikuwa na jibu. Swali lile lilivunja jibu langu la asubuhi. Mlango ulikuwepo, ndiyo, lakini mwenye kuushika nilikuwa mimi, na yeye alidhani kuupita kuna bei. Jina kwenye orodha, nauli, chakula cha mchana, vyote vilikuwa mkononi mwangu. Mtu anayetegemea mkono wako hawezi kukuambia hapana kwa urahisi kama anavyomwambia jirani yake. Anasema ndiyo, anatia sahihi, anacheka kwenye picha. Ndiyo ya namna hiyo ni ya nani hasa?

Mzee mmoja wa bloku yetu alipinga nilipomsimulia. "Mwanangu," alisema, "ujasiri huzaliwa kwa kusukumwa. Nani alijifunza kuogelea bila kusukumwa?" Nakubali nusu. Mimi mwenyewe nilisukumwa na kaka yangu mtoni. Lakini kaka alikuwa ndani ya maji pamoja nami, alijua ninaogopa nini, na kama ningetoka nikilia, jioni tungekula sahani moja kama kawaida. Mimi kule Sipi nilikuwa na haraka ya picha, wala sikumuuliza maji ni nini kwake.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, msichukue habari hii mkasema basi vijana wasipelekwe kwenye maji, wana majeraha moyoni. Hiyo pia ni kuwaamulia. Kama tungekataza, yule mvulana asingepata kumbukumbu yake mpya. Bwawa ni moja, na watu wawili waliovuka ziwa moja walilitazama tofauti. Wa kujua ni wao wenyewe, na watasema tu kama hapana yao haiwagharimu kitu.

Siku hizi kabla ya safari au mchezo wowote nasema mbele ya wote: atakayebaki kando atakula kama wengine, na jina lake halitafutwa. Wengine bado hawaniamini. Nawaelewa, maana maneno ni rahisi. Mwezi uliopita tulipanga kwenda ziwani, na yule msichana akaniambia hapana, bila kuinamisha macho. Nimemwandika wa kwanza kwenye orodha ya safari inayofuata.