Kambale na Kisu

Mto Rufiji, ukisha kukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, huteremka katika bonde pana ambalo, masika yakija kwa wingi, hufunikwa na mafuriko hata mabwawa ya kandokando, kama Utunge na Ruwe, yakaungana na mto wenyewe. Na katika maji hayo ya vuguvugu, mazito kwa matope, hustawi perege na kambale, ambao wenyeji huwavua kwa nyavu, kwa migono na kwa ndoana.

Perege akitolewa majini hachukui muda kufa. Kambale amejaaliwa, nyuma ya mashavu yake, kiungo cha kuvutia hewa ya juu, na kwa sababu hiyo huvumilia dimbwi linalokauka, na kwa sababu hiyo hiyo, akisha kutupwa tengani, hukaa saa nyingi akijipinda, hali aliyemvua amekwisha kwenda zake kunywa kahawa.

Sheria ya Kiislamu imehalalisha mawindo ya majini pasipo kuchinja, wala hilo halina shaka. Ila wengi wetu tumeichukua ruhusa hiyo kana kwamba samaki hana uchungu wa kuzingatiwa. Mafakihi wa Kishafi, ambao madhehebu yao ndiyo yafuatwayo na Waislamu walio wengi wa pwani yetu, waliona kumchinja samaki ni makuruhi, isipokuwa yule mkubwa ambaye uhai wake hurefuka nje ya maji: huyo, kwa kauli yenye nguvu, ni sunna kumchinja ili apumzike. Kambale hawakumtaja kwa jina, lakini sifa waliyoieleza ni yake.

Katika hukumu hiyo ndogo, iliyomo katika milango ya mawindo na vichinjwa ambayo wanafunzi huipita mbio, naona hoja kubwa, kwamba kuondolewa kisu kulikuwa tahafifu kwa mwanadamu, wala hakukuwa fatwa juu ya maumivu ya kiumbe. Na Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, iamrishayo ihsani katika kila jambo, hata katika kunoa kisu, haikuwabagua wa majini.

Mvuvi atajibu kwamba mnunuzi humtaka kambale anayetikisika, kwani pasipo barafu uhai ndio ushahidi wa ubichi. Jibu hilo lina uzito, wala silidharau. Ila nusu ya dhima huitoa mtumbwini likaipeleka sokoni, kwetu sisi tulichaguao tenga linalochezacheza, kisha tukarejea nyumbani na yakini kwamba mambo ya kuchinja yanawahusu wenye mbuzi.