Fungueni Mfuko wa Dawa wa Koko

Wajukuu zangu wa Mangobo, Kabondo, Lubunga na kwingineko, leo sisemi na wazee. Wazee wenye tansio, yaani shinikizo la juu la damu, wameshasemeshwa vya kutosha: punguzeni chumvi, makayabu yasiwe ya kila siku, tembeeni. Nasema na ninyi mnaotumwa farmasi. Katika nyumba nyingi za Kisangani anayemeza dawa ni koko, babu au bibi, lakini anayeinunua, anayeisoma na kusema "hii ya asubuhi, hii ya usiku" ni kijana ambaye bado yuko shule. Mimi nimezeeka katika kazi ya uuguzi, na nawaambia wazi: mpende msipende, wauguzi wa nyumbani ni ninyi.

Kwanza msinielewe vibaya: nitaonya juu ya kuchanganya dawa, lakini si kila mchanganyiko ni mbaya. Kuna vijana ambao wakiona karatasi ya daktari ina dawa mbili au tatu za tansio, husema huyo anatafuta pesa tu, wakanunua moja na nyingine wakaiacha. Mnakosea. Kwa watu wengi kidonge cha aina moja hakitoshi. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti ulioitwa CREOLE, uliofanywa katika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, kwa wagonjwa 728 weusi kama sisi. Kila mmoja alipewa dawa mbili kwa pamoja. Waliopewa amlodipini na hidroklorotiazidi, au amlodipini na perindoprili, tansio yao ilishuka vizuri kuliko ya wale waliopewa perindoprili na hidroklorotiazidi. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaingiza katika orodha yake ya dawa muhimu vidonge vyenye dawa mbili za tansio ndani ya kimoja. Sababu haina uchawi: kwa mfano, moja hulegeza mishipa, nyingine hutoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo, na kila moja hufanya kazi ambayo nyingine haifanyi.

Balaa huanza pale ambapo hakuna mtu hata mmoja anayejua vidonge vyote vilivyomo ndani ya nyumba.

Chukulia koko wako ameandikiwa kaptoprili hospitalini. Miezi ikapita, miguu ikavimba, akavuka mto kwa pirogi hadi kituo kingine cha afya, karatasi ya kwanza akaiacha nyumbani. Huko akapewa enalaprili. Kisha shangazi akatoka Kinshasa na boksi la lozartani, "dawa nzuri, ya Ulaya." Koko ni mtu mtiifu, anameza zote tatu. Lakini kaptoprili na enalaprili ni ndugu wa tumbo moja, na lozartani huja kufunga njia ileile ambayo wao wameshaifunga. Hajapata dawa tatu. Amepata moja iliyozidishwa bila kipimo. Jambo hili lilipimwa katika utafiti mkubwa wa ONTARGET, uliotolewa mwaka 2008 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 25,000. Waliochanganyiwa ramiprili na telmisartani hawakukingwa zaidi na kiharusi wala ugonjwa wa moyo kuliko waliopewa moja tu, ila walipata zaidi kizunguzungu cha tansio kushuka, na figo zao ziliumia zaidi.

Kwa hiyo jifunzeni kusoma mkia wa jina, maana macho ya koko hayaoni tena herufi ndogo. Yanayoishia na "pril" ni ukoo mmoja. Yanayoishia na "sartan" ni ukoo wa jirani unaogombea kazi ileile. "Dipine" hulegeza mishipa, "olol" hupunguza mwendo wa moyo. Boksi lililopanda mto kutoka Kinshasa limeandikwa Kifaransa, lililopita barabara ya Bafwasende kutoka upande wa Uganda limeandikwa Kiingereza, lakini mkia ni uleule. Majina ya kampuni yaliyoandikwa kwa herufi kubwa yasikubabaishe. Tafuta yale madogo ya chini yake. Ukikuta mikia miwili inayofanana katika mfuko mmoja, au "pril" na "sartan" pamoja, uliza kabla koko hajameza.

Tatizo ni mkasi. Muuzaji anakata plaketi ili akuuzie vidonge vinne, jina linabaki kwenye kipande chake, wewe unatoka na herufi tatu mgongoni mwa karatasi ya alumini, na tarehe ya mwisho haipo kabisa. Usikubali kuondoka hivyo. Mwambie aandike mbele yako jina zima na miligramu zake. Akinung'unika, acha anung'unike. Franka ni zako.

Sasa nije kwenye kinachonikera kuliko vyote, nacho si dawa ya tansio hata kidogo. Ni diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa hadi kwenye ligablo, kando ya sabuni na viberiti. Koko amerudi shambani, magoti yanamuuma, nawe kwa upendo unamletea viwili. Ndani ya figo kuna vichujio vinavyohitaji msukumo wa damu ili vifanye kazi. Ikiwa koko anameza furosemidi na kaptoprili, furosemidi, ile dawa ya kukojosha, imeshapunguza maji mwilini. Kaptoprili imelegeza mshipa mdogo wa kutokea kwenye kichujio. Sasa diklofenaki inabana ule wa kuingilia. Msukumo unakwisha. Ongeza hapo malaria yenye kutapika au kuhara kwa siku mbili, na mkojo unaweza kukauka. Isitoshe, dawa hizo za maumivu hupandisha tansio, kisha watu hulalamika kwamba dawa ya daktari haina nguvu! Kwa magoti ya koko anza na parasetamoli, kwa kipimo chake, na mengine umuulize daktari.

Kuna mchanganyiko mwingine unaotisha kwa sababu hauna kelele. Spironolaktoni, ambayo wengi huijua kwa jina la Aldactone, ikiwekwa pamoja na kaptoprili, hufanya potasiamu ijae kwenye damu, hasa figo zikiwa zimechoka. Lituma yetu ni ndizi, na ndizi ina potasiamu nyingi. Mwenye figo nzima ale tu kwa raha, lakini koko wa dawa hizo mbili anahitaji kupimwa damu, maana potasiamu ikizidi sana moyo huweza kusimama. Furosemidi hufanya kinyume, huitoa potasiamu kwa mkojo, na hapo kwinini ya malaria inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Verapamili na propranololi kwa pamoja huweza kuupunguzia moyo mwendo hadi mtu azimie. Na ile tabia ya kutoboa kidonge laini cha nifedipini na kukidondoshea chini ya ulimi ili tansio ishuke upesi, acheni. Tangu miaka ya 1990 madaktari wameonya dhidi yake, kwa kuwa tansio huanguka ghafla na mtu akapata kiharusi kilekile alichokuwa akikikimbia.

Lakini ukishasoma haya usikimbilie kutupa vidonge jalalani. Propranololi na klonidini zikikatwa siku moja, tansio hurudi juu kwa hasira. Anayepunguza dawa ni daktari.

Kesho asubuhi mwombe koko mfuko wake. Usichukue vya tansio peke yake. Weka ndani na vya malaria, vya maumivu, vya kifua kikuu kama anavyo, na ile chupa ya mizizi aliyopewa na jirani. Andika kila jina kwenye daftari la shule, nani alimpa na anameza saa ngapi. Mpandishe kwenye pikipiki au baiskeli ya toleka, mfikishe kwa daktari mmoja, vimwage vyote mezani, na umwombe afute kwa kalamu visivyotakiwa. Ila koko akianza kuanguka anaposimama, akikojoa kidogo mno, mapigo ya moyo wake yakienda polepole mno, au midomo na ulimi vikivimba, usingoje kesho. Mpeleke usiku huohuo, na mfuko uende naye.