Mipaka ya Elimu na Gunia la Mkulima

Sisi wa Dumila twajua faida ya mpaka wa shamba. Ukiwa wazi, majirani hupatana. Elimu nazo zina mipaka yake, na wenyewe huilinda sana.

Zamani falsafa na uchumi zilikuwa shamba moja. Adam Smith, aliyekuwa mwalimu wa falsafa ya maadili huko Glasgow, alitoa kitabu juu ya maadili mwaka 1759, na kingine juu ya utajiri wa mataifa mwaka 1776, wala hakujiona kuwa amevuka mpaka. Baadaye warithi waligawana. Mwaka 1903 Alfred Marshall aliutenga uchumi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ukawa na mtihani wake wenyewe. Na mwaka 1932 Lionel Robbins wa London aliandika kwamba mchumi huchunguza jinsi watu watumiavyo vitu vichache kwa haja nyingi. Kuamua kama haja hizo ni njema si kazi yake.

Mgawanyo huu una faida. Atakaye kujua kwa nini bei ya mahindi hushuka wakati wa mavuno, kuwakemea wanunuzi hakutamfaa. Na ahesabu magunia kwanza.

Lakini tazameni lumbesa. Mnunuzi hudai gunia lijazwe kupita kipimo, naye hulipa bei ya gunia moja. Sheria imekataza, lakini mkulima hukubali, kwa kuwa vitunguu vyake vitaoza. Mchumi asema, "Naweza kueleza kwa nini amekubali, habari ya haki muulizeni mwanafalsafa." Mwanafalsafa naye asema, "Mambo ya bei si yangu." Kila mmoja amelinda mpaka wake, na mkulima amepunjwa.

Julius Nyerere, aliyesoma Edinburgh tangu 1949 hata 1952, alijifunza falsafa ya maadili pamoja na uchumi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliuliza mambo mawili kwa pamoja: mali itapatikanaje, na nani anayenyonywa? Majibu yake yalileta mema na taabu pia, maana kupenda haki hakumwondolei mtu kazi ya kuhesabu. Hata hivyo maswali yale hayakupasa kutenganishwa.

Basi, kila elimu na ilime shamba lake, lakini isikatae kuitwa na jirani. Nasi walimu, tumfundishapo mtoto hesabu ya kilo za gunia, tumwulize pia: zile zilizozidi ni mali ya nani?