Thamani ya Bao Lisilofungwa

Kazi za binadamu zaweza kugawanywa mafungu mawili. Ziko zinazoacha kitu mahali ambapo hapakuwa na kitu: nyumba, kisima, utenzi, ghala lililojaa. Ziko nyingine ambazo matunda yake ni kutokuwapo kwa kitu: moto usiowaka, mwizi asiyeingia, ugonjwa usioenea. Fungu la kwanza lina mashahidi wengi, kwa kuwa kila apitaye huona. Fungu la pili halina shahidi, maana hakuna awezaye kunyosha kidole akaonyesha moto ambao haukuwaka. Basi mtu aliyezuia baya astahili sifa kiasi gani, na ni nani atakayempa, ikiwa alilolizuia halikuonekana na mtu ye yote?

Swali hili ni kongwe, walakini si la wenye elimu peke yao. Huulizwa kila jioni pembeni mwa kiwanja cha mpira, ingawa waulizaji hawalipi jina la falsafa. Miongoni mwa wachezaji kumi na mmoja wa kila upande, walinzi, ambao watu huwaita mabeki, wamepewa kazi ya fungu la pili. Mshambuliaji akifunga bao, jina lake huandikwa pamoja na dakika yake. Mlinzi akizuia mabao matano, hakuna daftari lenye safu ya mabao yasiyofungwa. Lakini akiteleza mara moja, kosa lake lina dakika, lina picha, na lina maelfu walioliona. Daftari lake lina upande wa deni tu. Upande wa mapato haukupigwa mistari.

Mkoa wa Simiyu wafaa kulipimia swali hili. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Maswa, Meatu na Bariadi yenyewe zilikuwa zamani sehemu ya Shinyanga. Watu wake wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji, na wote wawili wanazijua kazi zisizoonekana. Mkulima wa pamba hupanda, hupalilia, hupiga dawa ya kuua funza wa vitumba, na baada ya mavuno sharti ang'oe masalia ya miche na kuyachoma, ili wadudu wasipate makazi ya kungojea msimu ujao. Kazi hii ya mwisho haimwongezei hata kilo moja ya pamba ya mwaka ule. Mizani ya chama cha ushirika hupima pamba iliyoletwa, haipimi ile ambayo funza angeila. Hata hivyo, mtu aliyeacha masalia yake yamesimama hujulikana na kulaumiwa na majirani, kwa sababu wadudu hawajui mpaka wa shamba. Hapa lawama ipo kwa asiyezuia, na sifa haipo kwa aliyezuia. Mlinzi wa mpira angelitambua jambo hili upesi.

Mfugaji yuko mbele kidogo. Wasukuma wana desturi ya ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, hata majani yakomae na kungoja kiangazi. Mwaka 1986 ulipoanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, desturi hii ndiyo iliyotegemewa katika kuirudishia miti na majani nchi iliyokuwa imekwisha kuchakaa. Ngitili ni mali iliyofanywa kwa kutokutenda. Mgeni apitaye mwezi wa Machi huona majani tu, na pengine hushangaa kwa nini ng'ombe wenye njaa wanapitishwa kando. Mwenye ng'ombe haoni majani. Aona mwezi wa Septemba. Ni jicho lililofundishwa kuona jambo kabla halijatukia, na jicho la namna hiyo ndilo limfaalo mtu atakaye kumhukumu mlinzi kwa haki.

Lakini watu hao hao wana desturi nyingine yenye sheria kinyume cha hiyo. Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma, makundi ya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Umati ndio mwamuzi, nao huamua kwa miguu yake. Hukumu hii ni ya haki kabisa katika ngoma, kwa kuwa ngoma ni kazi ya kuonekana, na asiyetazamwa hakucheza. Ubaya huanza hukumu ya ngoma inapohamishiwa kwenye kazi ya ngitili. Mpira wa siku hizi umefanywa hivyo. Kazi za aina mbili huchezwa katika kiwanja kimoja, na umati hutoa kipimo kimoja kwa zote.

Kijana wa Bariadi aambiwapo na mwalimu wake acheze nyuma, aghalabu husikitika, kana kwamba amekatazwa karamu. Sikitiko lake si la kitoto. Amekwisha tambua kwamba anapewa kazi ambayo akiifanya vyema hatatajwa. Na akiwa na nia ya kuufanya mpira kuwa riziki yake, jambo hilo lina uzito, maana wanunuzi wa wachezaji nao wana macho, na macho huvutwa na kilichoonekana. Kumwambia kijana huyo kwamba wema hujilipa wenyewe ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara.

Mfano mmoja waweza kufuatwa. Barabara itokayo Bariadi hushuka hadi Lamadi, karibu na Ziwa Viktoria, ikakutana na ile iendayo Musoma. Musoma, katika mkoa jirani wa Mara, ndiyo maskani ya Biashara United, mojawapo ya klabu alizozichezea Novatus Dismas Miroshi katika mwanzo wa safari yake. Alizaliwa Septemba 2002, akapitia Azam ya Dar es Salaam, akaenda Israeli angali kijana mdogo, kisha Ubelgiji katika klabu ya Zulte Waregem. Hucheza beki na pia kiungo. Mwaka 2023 aliazimwa na Shakhtar Donetsk ya Ukraini, klabu ambayo kwa sababu ya vita ilikuwa ikichezea michezo yake ya nyumbani ya Ulaya mjini Hamburg, Ujerumani. Mwaka 2024 alihamia Göztepe ya Uturuki. Vijana wengi wa Tanzania wangeitamani safari hiyo. Ndani yake, hata hivyo, kuna siku moja inayolihusu swali hili kuliko siku nyingine.

Siku hiyo ni tarehe 17 Januari 2024, mjini San Pedro, Ivory Coast, Tanzania ilipokutana na Moroko katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Moroko walikuwa wamefunga bao moja katika dakika ya 30. Katika dakika ya 70 Miroshi, mwenye umri wa miaka 21, alionyeshwa kadi nyekundu akatoka. Dakika ya 77 Moroko wakapata bao la pili, dakika ya 80 wakapata la tatu, na mchezo ukaisha hivyo.

Kutokana na tukio hili moja hukumu mbili zinazopingana zaweza kutolewa. Ya kwanza ni ya umati: kijana ameiponza nchi yake. Ya pili ni ya mtetezi: tazameni, alipokuwapo lilikuwa bao moja kwa dakika sabini, alipoondoka yakaingia mawili katika dakika kumi, basi yule aliyetoka alikuwa akizuia kitu. Hukumu ya pili inapendeza, kwa sababu yaonekana kuwa imepata kile kilichokosekana, yaani shahidi wa kazi isiyoonekana. Ukuta hujulikana thamani yake unapobomoka.

Walakini hoja nzuri sharti ipimwe kabla ya kukubaliwa. Siku nne baadaye, katika mji ule ule, Tanzania ilicheza na Zambia. Simon Msuva alifunga mapema, dakika ya 11, na kabla ya mapumziko mchezaji wa Zambia, Rodrick Kabwe, akatolewa kwa kadi nyekundu. Kwa kipimo cha mtetezi, Zambia waliopungua ilikuwa wabomoke. Hawakubomoka. Walicheza nusu nzima ya pili wakiwa kumi, hawakufungwa tena, na katika dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Basi pengo la mtu si kipimo cha mtu. Moroko walikuwa na nguvu ambazo zingeweza kufunga hata mbele ya wachezaji kumi na mmoja, na Zambia walikuwa na moyo ambao haukuhesabiwa. Mlinzi hawezi kutetewa kwa matokeo, kama vile asivyoweza kuhukumiwa kwa matokeo. Mlango huo umefungwa kwa pande zote mbili.

Hubaki mlango mmoja, nao ni mwembamba: kumhukumu mlinzi kwa uamuzi wake. Alisimama wapi mpira ulipokuwa bado mbali? Aliona nini, na alichagua nini kwa kile alichokiona? Hukumu hii ni ngumu kwa sababu kazi bora ya ulinzi haionekani hata kuwa ni kazi. Mlinzi anayejirusha chini na kuunyang'anya mpira miguuni pa adui hushangiliwa, na mara nyingi kujirusha huko ni malipo ya kosa la kusimama vibaya hatua tano nyuma. Mwenzake aliyesimama panapostahili hakujirusha, kwa kuwa pasi ile haikupigwa. Mshambuliaji aliinua macho, akaona njia imezibwa, akaurudisha mpira nyuma. Hapakutokea kitu. Wasiojua husema mchezo umedorora.

Hapa ndipo penye hatari ya kweli kwa kijana, kuliko hatari ya kukosa sifa. Anayeona kwamba kujirusha hushangiliwa na kusimama vyema hakushangiliwi atashawishika kuacha kusimama vyema. Ataanza kuitafuta hatari ili aonekane akiiondoa. Jambo hili si la mpira peke yake. Miaka ya mwanzo ya 1980, wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi walianzisha vikundi vya sungusungu ili kuzuia wizi wa ng'ombe na uhalifu mwingine. Usiku ambao hapakuibwa ng'ombe ulikuwa usiku wa ushindi wao, nao haukuwa na habari ya kusimulia. Vikundi vingine havikutosheka na usiku wa namna hiyo. Vikavuka mpaka wa ulinzi, vikawa mshtaki na hakimu na mwenye kutekeleza hukumu. Mlinzi atakaye kuonekana humhitaji adui, na asipompata humtengeneza.

Nalo kosa lenyewe lahitaji kutazamwa. Tarehe 22 Juni 1994, katika Kombe la Dunia nchini Marekani, mlinzi wa Kolombia, Andrés Escobar, alinyosha mguu kuzuia mpira uliokuwa ukipitishwa mbele ya lango lake, nao ukaingia katika lango hilo hilo. Kolombia ilifungwa na Marekani 2-1. Tarehe 2 Julai aliuawa kwa risasi mjini Medellín, akiwa na miaka 27. Mambo mengi yamesemwa juu ya kifo hicho, lakini moja halisemwi vya kutosha: mlinzi mvivu, ambaye asingeukimbilia mpira ule, asingeweza kujifunga. Kosa lilitoka ndani ya wajibu. Yeye aliyetimiza wajibu wake hadi ncha ya mguu ndiye aliyekuwa karibu na bahati mbaya, na aliyebaki nyuma alibaki msafi. Umati unaohesabu makosa bila kuuliza yametoka wapi huwafundisha vijana wake kubaki nyuma.

Haifuati kwamba mlinzi asilaumiwe. Kadi nyekundu ni kadi nyekundu, na kijana wa miaka 21 ni mtu mzima, si mtoto wa kubembelezwa. Lawama ya haki humhesabu mtu kuwa mwenye akili na uchaguzi. Lawama ya umati humhesabu kuwa mkosi. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa ile ya kwanza kijana aweza kujifunza, kwa kuwa inamwambia alipokosea kusimama. Ya pili haimwambii cho chote ila kwamba hatakiwi. Wala dawa si kumtafutia mlinzi sifa za kukopa. Tarehe 6 Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN yaliyoandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda, beki Shomari Kapombe aliifungia Tanzania bao la pekee dhidi ya Mauritania katika dakika ya 89, kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa. Lilikuwa bao la thamani, na furaha yake ilistahili. Lakini inachekesha kidogo kwamba beki hupata jina lake kubwa siku anapofanya kazi ya mtu mwingine, na kwamba mpaka dakika ile Mauritania nao walikuwa hawajafunga, jambo ambalo halikutokea lenyewe.

Timu ile ya Januari 2024 ilikuwa na mchezo mmoja zaidi. Tarehe 24, mjini Korhogo, ilikutana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo baadaye ilifika nusu fainali ya mashindano hayo. Kwa dakika tisini Kongo haikupata bao, wala Tanzania haikupata. Tanzania ikajipatia pointi yake ya pili, ikashika mkia katika kundi, ikarudi nyumbani. Katika kumbukumbu za mchezo huo, mahali panapoandikwa majina ya wafungaji pako wazi.