Haki ya Kuchagua Jembe

Mtu aliyepunguzwa kazini hakosi wa kumkumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Atamkumbusha mjomba, atamkumbusha jirani, na mara nyingi atamkumbusha mtu ambaye mshahara wake mwenyewe unaingia kila mwisho wa mwezi bila wasiwasi. Ujumbe ni mmoja: ukishapoteza kazi umepoteza pia ruhusa ya kuuliza ni kazi gani inayokufaa. Anayeuliza huonekana hajabanwa vya kutosha, au bado ana majivuno ya ofisi aliyotoka. Sina ugomvi na methali, ingawa ukimfuata mkulima halisi dukani utamwona akipima uzito wa jembe, akigonga chuma na kuchungulia tundu la mpini kwa makini kuliko mnunuzi mwingine yeyote. Ugomvi wangu ni na hukumu iliyojificha nyuma yake, kwamba kuchagua kazi ni tabia mbaya ya mtu binafsi. Kufaa kwa kazi, kwa maoni yangu, hakukai ndani ya kazi yenyewe wala ndani ya cheti cha anayeitafuta. Kunategemea kama mtu ana muda wa kuipima kazi kabla ya kuipokea, na nguvu ya kuiacha baada ya kuipokea. Muda huo haupatikani bure. Kwa hiyo mjadala wa kazi inayofaa, tukiuchimba, ni mjadala wa nani analipia kusubiri.

Tuanze na ushahidi kutoka mahali ambako kumbukumbu za mishahara zimetunzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1993 wachumi watatu wa Marekani, Louis Jacobson, Robert LaLonde na Daniel Sullivan, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wafanyakazi wa jimbo la Pennsylvania waliopoteza kazi walizozitumikia kwa miaka mingi, viwanda vilipokuwa vikipunguza watu katika miaka ya 1980. Miaka kadhaa baada ya kuachishwa, mapato yao yalikuwa bado pungufu kwa takriban robo ya yale ambayo wangeyatarajia kama wasingeguswa. Mwaka 2011 Steven Davis na Till von Wachter wakaongeza jambo ambalo kwa hoja yangu ni zito zaidi. Wanaume walioachishwa kwa mkupuo wakati ukosefu wa ajira nchini humo uko chini ya asilimia 6 walipoteza, katika miaka iliyofuata, jumla inayolingana na mapato yao ya miaka 1.4. Walioachishwa ukosefu ukiwa juu ya asilimia 8 walipoteza mara mbili ya hapo, yaani miaka 2.8. Hawa na wale ni watu wa aina moja, wenye uzoefu wa aina moja. Kilichowatenganisha ni msimu waliotolewa mlangoni. Ikiwa hatima ya mtu inaweza kubadilika kiasi hicho kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa kwenye barua yake, ni vigumu kuendelea kuamini kwamba aliyeishia pabaya alichagua vibaya. Alifika sokoni siku ambayo meza zilikuwa tupu.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ana haki ya kusema kwamba hayo ni ya Marekani. Kwetu dhiki ya uchumi haionekani sana kwenye idadi ya wasio na kazi, na hilo lenyewe linahitaji kuelezwa. Kwa kanuni ya takwimu iliyokubaliwa kimataifa mwaka 1982, mtu aliyefanya kazi ya kipato kwa saa moja tu katika wiki inayochunguzwa huhesabiwa kuwa ana kazi. Mhasibu aliyeachishwa akiuza vocha za simu Jumamosi asubuhi ameshatoka kwenye orodha. Mahali pasipo na posho ya kukosa ajira kwa walio wengi, kukaa bila kazi ni anasa ya wachache wenye akiba au wenye ndugu wenye nafasi. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokuja Kenya uliliona hilo katika ripoti yake ya mwaka 1972, ile iliyosaidia kueneza dhana ya sekta isiyo rasmi: tatizo kubwa lilikuwa watu wanaohangaika kutwa nzima na bado wakabaki maskini, kuliko watu waliokaa bure. Mafundi wa jua kali hawakuhitaji kufundishwa kwamba wasichague kazi. Kwa hiyo, uchumi dhaifu wa kwetu haumnyimi mtu kazi. Humnyima nafasi ya kukataa.

Historia yetu imewahi kulijaribu wazo la "kazi yoyote" kwa nguvu ya sheria. Mwaka 1983 Tanzania ilipitisha sheria iliyozaa kampeni ya Nguvu Kazi. Asiyeweza kuonyesha kwamba ana kazi inayotambulika aliweza kukamatwa mjini na kupelekwa kijijini au mashambani, akazalishe. Wachuuzi wadogo wengi walijikuta wakihesabiwa pamoja na wazururaji. Nia iliyotangazwa haikuwa ya kipuuzi. Chakula kilikuwa haba, viwanda vilikosa vipuri na fedha za kigeni, na taifa lililojengwa juu ya kaulimbiu ya Uhuru na Kazi liliona aibu kuwa na vijana vijiweni. Lakini dola ilikuwa imejipa kazi ya kuamua jembe gani linamfaa nani, na ikaishindwa. Wengi waliosafirishwa walirudi mjini, na baadaye serikali ikaanza kutoa leseni zilizobeba jina hilohilo la nguvu kazi kwa wafanyabiashara wadogo, watu walewale waliokuwa wakisombwa kwa malori. Kinachovutia zaidi ni kile kilichokuwa kikiendelea chini ya pua ya kampeni. Mtafiti Aili Mari Tripp, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu uchumi wa Dar es Salaam, alieleza jinsi familia za wafanyakazi zilivyokuwa zikiishi kwa miradi: kuku uani, maandazi mlangoni, cherehani barazani. Mshahara ulikuwa umeporomoka hata haukufika katikati ya mwezi. Hata hivyo wengi hawakuiacha ajira mara moja. Waliishika kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukijaribu mradi, na ukifa wanajaribu mwingine. Walikuwa wakichagua, na kilichowawezesha ni kwamba kushindwa kwa mradi mmoja hakukuwaangusha wote.

Hapo ndipo ninapokipata kipimo changu. Kazi inamfaa mtu aliyeanguka ikiwa kesho bado anaweza kuihukumu, na akiona haimfai, akaiacha bila kuangamia. Hadhi haitoshi kuwa kipimo, wala mshahara peke yake. Chukua vijana wawili wanaoendesha bodaboda barabara moja. Wa kwanza amenunua pikipiki kwa kiinua mgongo chake. Siku akiitwa kwenye usaili huiegesha, na akipata kazi huiuza au humpa mwenzake. Wa pili ameichukua kwa mkataba, kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, na akikosa siku kadhaa pikipiki inachukuliwa pamoja na yote aliyokwisha kulipa. Abiria ni walewale na jasho ni lilelile, lakini mmoja yuko kwenye daraja na mwingine kafungiwa ndani ya chumba. Vivyo hivyo kwa wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za ndani. Mshahara wa huko unaweza kuupita wa nyumbani, ila chini ya mfumo wa kafala ukaazi wa mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri wake. Oman ilipoondoa, kuanzia Januari 2021, sharti la kupata kibali cha mwajiri wa zamani kabla ya kuhamia kwa mwingine baada ya mkataba kwisha, haikuongeza hata senti moja kwenye mshahara wa mtu. Ilipunguza urefu wa ukuta, na hilo ni badiliko katika kufaa kwa kazi ileile.

Pingamizi la kwanza ni la njaa. Mtoto anadai ada, mwenye nyumba anagonga, na mimi nazungumzia kupima! Nakubali kwamba mwenye njaa hana budi kushika kilichopo, na kumlaumu kwa kushika ni ukatili kama ule wa kumlaumu kwa kuchagua. Lakini kulazimika si kufaa. Tukiyachanganya hayo mawili tutaishia kuitwaa dhiki ya mtu kama ushahidi kwamba aliridhika. Tena wanaosema "kazi ni kazi" wanasahau kwamba ushauri unaomfaa mmoja unaweza kuwaumiza wote ukifuatwa na wote. Mwenye shahada akishuka kwenye uchuuzi, anakuja na akiba kidogo, na lugha ya kuombea mkopo, na jamaa ofisini. Aliyekuwa hapo kwa elimu ya darasa la saba husogezwa pembeni, naye humsukuma aliye chini yake. Mtaa uliokuwa na genge moja unakuwa na manne yanayogombea wateja walewale, ambao nao wamepunguzwa kazini. Kila mmoja amefanya alichoshauriwa. Kilichoongezeka ni idadi ya wauzaji wa nyanya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mpe mtu muda wa kusubiri, atazoea kusubiri. Hapa ushahidi hauegemei upande mmoja, na sitaki kuupindisha. Utafiti wa Austria uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba waliolipwa posho kwa muda mrefu zaidi walipata kazi zenye mshahara uliozidi kidogo. Wa Ujerumani, mwaka mmoja kabla, ulikuta kinyume chake, mshahara ukishuka kidogo. Hoja yangu haisimami juu ya tofauti ndogo kama hizo. Kuna pia onyo la zamani zaidi. Marie Jahoda na wenzake walichunguza kijiji cha Marienthal, Austria, baada ya kiwanda chake cha nguo kufungwa, wakachapisha matokeo mwaka 1933. Waliokosa kazi walikuwa na muda kuliko wakati wowote, lakini vitabu walivyoazima maktaba vilipungua karibu nusu, na wanaume walitembea polepole kana kwamba hawana waendako. Muda mtupu haumpi mtu uhuru wa kuchagua. Humla. Ninachotetea basi ni muda wenye malipo, mpaka na kazi ya kufanya ndani yake. Mkataba namba 168 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, ulioridhiwa na nchi chache mno, uliliweka vizuri: katika kuamua kama kazi inamfaa mtu, vizingatiwe umri wake, muda aliotumikia kazi ya zamani, uzoefu wake, hali ya soko la ajira, athari kwa familia yake, na pia muda ambao amekwisha kukaa bila kazi. Kigezo hicho cha mwisho ndicho jibu kwa wanaohofia uvivu, maana kinachofaa mwezi wa pili si lazima kiwe kilekile mwezi wa kumi.

Tukipima sheria zetu kwa kipimo hicho, zinatoa kitu, ila kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka kiinua mgongo cha angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa utumishi, usiozidi miaka kumi. Aliyetumikia miaka 20 anaweza kuondoka na mshahara wa siku 70. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, inadai angalau siku 15 kwa kila mwaka. Tangu mabadiliko ya mifuko ya hifadhi mwaka 2018, mwanachama wa Tanzania aliyeachishwa na kutimiza masharti hulipwa theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Ni mwanzo mzuri, na hauwagusi kabisa walio nje ya ajira rasmi, ambao ndio wengi.

Kwa hao wengi mfuko wa kusubiri ni jamaa. Ni chumba cha shemeji, mkopo wa kikoba, na hasa biashara ya mke. Hapa hoja yangu inanibana mimi mwenyewe. Mume anayesema anangoja kazi ya kiwango chake, huku mkewe akiamka saa kumi alfajiri kukanda unga, ametimiza sharti nililoliweka: ana muda, na kuna anayeulipia. Lakini muda huo umekatwa kutoka kwa mtu ambaye hakuulizwa kama maandazi ndiyo jembe lake. Kuchagua kwa mmoja kumekuwa kutochagua kwa mwingine, na mara chache kuna mjomba wa kuja kumwambia mume huyo kwamba anaishi kwa jasho la mwenzake. Sioni kwamba hilo linaifuta haki ya kuchagua. Linaihamishia mezani pa nyumba, ambako anayelipia ana haki ya kujua anasubiri nini, kwa miezi mingapi, na lini itakuwa zamu yake naye alipiwe.