Wakwe wasio Waislamu nao wana haki juu yetu

Ndugu msomaji, leo naomba radhi nizungumze jambo la nyumbani kwangu. Si kawaida yangu kuyatoa ya ndani nje, lakini nimeona kuwa maradhi niliyokuwa nayo mimi wanayo Waislamu wengi wa mjini, na mgonjwa aliyepata nafuu si vibaya akasema alikuwa anaumwa nini.

Mke wangu ni Mwiraqw, mtu wa Mbulu, kwao ni upande wa Dongobesh. Wazazi wake ni Walutheri. Yeye alisilimu kwa hiari yake akiwa anafanya kazi Dar es Salaam, kabla mimi sijamjua. Baba yake alipopata habari hakumtenga wala hakumlaani. Tulifunga ndoa mwaka 2013. Mahari aliipeleka ami yangu, wazee nikawaona mara moja tu walipokuja mjini kwa matibabu, basi. Tangu mwaka huo mpaka Desemba 2024 miguu yangu haikukanyaga kwa wakwe zangu. Hesabu mwenyewe, ni miaka kumi na moja.

Kila shule zikifungwa mwisho wa mwaka, sisi safari yetu ni Tanga kwa mama yangu. Idd zote mbili ni Tanga. Mke wangu akigusia kwao, mimi nilikuwa na majibu tayari, na yote yamevaa kanzu. Nyama ya kule kachinja nani? Pombe si itakuwepo? Watoto wakiona mti wa Krismasi hawatachanganyikiwa? Akisema basi aende yeye peke yake, namwambia mwanamke hasafiri bila ya mume au maharimu. Na mume wa kumpeleka ni nani? Ni mimi huyo huyo ambaye siendi! Nilikuwa nimefunga mlango kwa kufuli mbili, na funguo zote mbili zimo mfukoni mwangu, halafu naita hiyo ni dini.

Mwaka 2020 mama yake akafariki. Simu ilikuja alfajiri. Mimi nilitumia siku nzima kuuliza huyu na yule kama inafaa au haifai kwenda kwenye msiba wa kanisani, wakati mke wangu amekaa juu ya kitanda na mkoba wake umefungwa. Mwisho kaka yake anayeishi Morogoro akampitia, wakaondoka siku ya pili. Walifika mama amekwisha kuzikwa. Aliporudi hakunilaumu hata kwa neno moja, akaendelea kunipikia na kunifulia. Wanaume wenzangu wanajua kimya cha namna hiyo kina uzito gani.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Wasomaji wanakumbuka. Mvua kubwa ilinyesha katika Wilaya ya Hanang, na kutoka ubavuni mwa Mlima Hanang likateremka tope lililobeba mawe na magogo, likapita katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, wengi wakajeruhiwa, nyumba zikafukiwa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa mazingira, alikatisha safari yake akarudi nchini.

Dada mkubwa wa mke wangu ameolewa Katesh. Simu yake haikupatikana siku mbili. Mke wangu alikuwa anapiga, anakata, anapiga tena, mpaka usiku wa manane namsikia gizani anabonyeza zile namba. Kwenye baraza yetu, baada ya swala ya Isha, mtu mmoja akasema kwa sauti kubwa kuwa ile ni adhabu, watu wa kule wanamwasi sana Mungu. Mimi nilikuwepo. Sikumjibu. Ni nani aliyempa khabari za ghaibu mtu yule? Walikufa watoto wachanga katika tope lile, wana dhambi gani? Na Mtume (SAW) ametufundisha kuwa Muislamu anayekufa kwa kuangukiwa na jengo au kwa kughariki anahesabiwa katika mashahidi, sasa inakuwaje msiba wa namna hiyo uwe daima ni alama ya kuchukiwa? Hayo yote niliyajua palepale, nikanyamaza kwa sababu kumtetea shemeji yangu mbele ya watu ilikuwa ni kukiri kwamba ninaye.

Siku ya tatu simu ikapokelewa. Dada yu hai, mume na watoto wako hai. Nyumba imekwenda, mbuzi wamekwenda, mahindi ya mwaka mzima yamekwenda. Nikatuma shilingi elfu hamsini kwa simu, nikajiona mtu mwema. Mke wangu akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Baba fulani, kama dada angekufa, wewe ungekuwa hujamwona hata sura."

Ndugu msomaji, baada ya maneno yale nilikwenda kusoma upya, na safari hii sikuwa natafuta udhuru. Katika Suratul Furqan, aya ya 54, Allah (SW) anatukumbusha kuwa amemuumba mwanadamu kutokana na maji, kisha akamjaalia kuwa na udugu wa nasaba na udugu wa ukwe. Vyote viwili vimetajwa pamoja, katika aya moja, kama neema. Sisi tumechukua nasaba tukaacha ukwe. Katika Suratu Luqman, aya ya 14 na ya 15, mtoto ameamrishwa kuwatendea wema wazazi wake, na hata wakimshikilia amshirikishe Mungu, asiwatii katika hilo, lakini akae nao duniani kwa wema. Mwanamke aliyesilimu amri hiyo inamhusu kama inavyomhusu mwanamume. Sasa mume anayemzuia anamsaidia katika dini gani?

Bibi Asmaa, binti wa Sayyidna Abubakar (RA), alijiwa na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina. Akaenda kumuuliza Mtume (SAW) kama amuunge mama yake, naye akamjibu ndiyo, amuunge. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Mama yule alikuwa mshirikina, hakuwa hata katika watu waliopewa Kitabu. Na imo katika Sahihi Muslim kuwa Mtume (SAW) aliwausia maswahaba wawatendee wema watu wa Misri watakapoifungua nchi ile, kwa sababu ya udugu uliopo, na katika mapokezi mengine umetajwa ukwe. Wanazuoni wameeleza kuwa Bibi Hajar, mama yake Nabii Ismail (AS), alitoka huko, na Bibi Maria alitoka huko. Fikiria hilo. Nchi nzima inahifadhiwa kwa ajili ya wanawake wawili waliotoka kwao. Mimi nilishindwa kuihifadhi nyumba moja ya Dongobesh.

Basi Desemba 2024 nikaomba likizo. Nikampigia baba mkwe mwenyewe, kwa mara ya kwanza bila kupitia kwa binti yake. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Njooni baada ya Krismasi, mwanangu, msije mkapata taabu." Mzee wa Kilutheri ndiye aliyekuwa anachunga dini yangu. Watoto tuliwaacha Tanga kwa mama yangu, nikisema nauli ni kubwa. Hilo nalo nitalirudia.

Tuliondoka kituo cha Mbezi alfajiri. Siku hizi njia ya Dodoma kwenda Babati kupitia Kondoa yote ni lami, wakubwa zetu waliopita hapo wakati wa vumbi wanaijua neema hiyo. Adhuhuri na Alasiri tulizikusanya na kuzipunguza Dodoma, kama msafiri alivyoruhusiwa. Tukalala Babati. Asubuhi tukapanda Noah mpaka Dareda, pale tukaiacha barabara ya Singida tukaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Mke wangu, ambaye mjini hasemi sana, njia nzima alikuwa ananionyesha: pale tulichota maji, pale babu alikuwa na shamba, pale nilianguka na kuni. Mwanamke niliyekaa naye miaka kumi na moja, nikaona kuwa nusu yake nilikuwa simjui.

Mzee alikuwa amesimama nje, amejifunga blanketi kwa ile baridi ya Mbulu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Karibu, baba. Njia ilikuwa ndefu." Nilidhani anazungumzia basi, nikamjibu kuwa lami imesaidia sana.

Ulipokaribia wakati wa swala nikauliza kibla. Mjukuu mmoja akanipeleka uani. Palikuwa na mpini wa jembe umelazwa chini, umezungushiwa mawe madogo usisogee, umeelekea kaskazini ukipinda kidogo mashariki. Chumba cha wageni kilikuwa kimefagiliwa na mkeka mpya. Baadaye nilikutana na Muislamu mmoja mwenye duka pale sokoni, akanipa habari kamili: mzee alimfuata wiki moja kabla, kwa miguu, akamuuliza Waislamu wanaswali wakielekea wapi, wanakula nini, hawali nini. Akamuomba aje kuchinja mbuzi siku ya kufika kwetu. Akanunua na sufuria mpya, kwa kuwa hakuwa na hakika zile za zamani zilipikiwa nini. Wazee wenzake wanaopenda pombe ya asali alikuwa amekwisha waambia waje siku nyingine.

Kuna mas'ala ya chakula cha Ahlul-Kitab na aya ya tano ya Suratul Maidah, wanazuoni wameyazungumza na mimi sitaki kuyaingia leo. Ninachosema ni kwamba ile hoja yangu kubwa, nyama kachinja nani, ilikuwa na jibu jepesi miaka yote hiyo. Ilitaka mtu aulize tu. Mzee asiyesoma hata Alif aliuliza, na mimi niliyehitimu madrasa sikuuliza, kwa sababu sikuwa nataka jibu. Nauli ndiyo iliyokuwa inaniuma, na uvivu, na ile kasumba yetu watu wa pwani ya kudhani kuwa ustaarabu unaishia Chalinze. Nikavipaka vyote jina la taqwa. Haya ni makubwa, ndugu zangu. Mtu anayekataa kwenda kwa wakwe kwa ubahili ni bahili tu. Lakini anayeusingizia Uislamu ubahili wake, anawafanya wale watu waone kuwa dini hii ndiyo iliyomnyang'anya binti yao.

Usiku mzee aliuliza swali moja tu. "Wajukuu mmewaacha?" Nikasema nauli. Akatikisa kichwa, hakuongeza.

Tulikaa siku nne, kisha tukateremka tena Dareda, tukapita Endasak mpaka Katesh. Mlima Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na siku ile ulikuwa mweupe wa mawingu, umetulia kama haujafanya kitu. Shemeji akatupeleka palipokuwa na nyumba yake. Kuna mawe pale ukubwa wa gari dogo. Alisema walisikia mngurumo wakadhani ni malori, mume wake akatoka kutazama, akarudi anapiga kelele, kila mmoja akanyakua mtoto aliyekuwa karibu. Usiku wa kwanza walilala kwa jirani yao, mama wa Kiislamu anayeuza maandazi, aliyewapa kitanda chake akalala sakafuni. Mama yule hakuwa na udugu nao wa nasaba wala wa ukwe. Nilikwenda kumsalimia. Nilitamani kumpa kitu, lakini kila nilichofikiria nikaona aibu kukitoa.

Tulimwachia shemeji tulichokuwa nacho, mke wangu akamvulia dada yake hata khanga aliyokuwa amejitanda. Walikaa wawili kwenye kizingiti cha nyumba ya kupanga wakizungumza Kiiraqw mpaka jua likazama, wanacheka, wanalia, wanacheka. Mimi sikuelewa neno, nikakaa pembeni na shemeji wa kiume tukizungumza bei ya mahindi.

Mtume (SAW) amefundisha kuwa muunga udugu si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule ambaye udugu ukikatwa yeye anauunga. Nilikuwa nikiisoma hadithi hii nikijiweka upande wa muungaji. Katika ukoo ule mimi ndiye niliyekata, na mzee wa Dongobesh ndiye aliyekuwa anaunga.

Siku tuliyomuaga, kabla ya kuteremka Katesh, alitujazia mfuko wa vitunguu saumu, kisha akatupeleka zizini akatuonyesha ndama jike, mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji. "Huyu ni wa wajukuu zangu. Siwapi mwende naye wala sitamuuza niwatumie fedha. Waje wenyewe wamwone."

Juni 2025, shule zilipofungwa, tulikata tiketi nne. Ndama alikuwa amekwisha kuwa mtamba.