Nani Alipaye Gharama ya Furaha?

Wako watu wema wanaoihesabu furaha kuwa jambo la kuvumiliwa tu, kana kwamba mwenye kusikiliza muziki ameiba saa ya kazi. Wako na wengine wasemao kwamba mtu akisha kulipa kiingilio chake amemaliza deni lote, basi na afanye apendavyo hata kukuche. Sisi twaona kwamba wote wawili hawakulitazama jambo hili hadi mwisho wake.

Yule wa kwanza alijibiwa zamani. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, akimfuata Aristotle, alifundisha kwamba mchezo na maburudisho yana fadhila yake. Mwenye kuzidisha hukosa, na yule asiyetaka kabisa kufurahi, tena awaharibiaye wenzake furaha yao, naye hukosa. Akakumbusha hadithi ya kale ya Mtume Yohane, ambaye watu walichukizwa kumkuta akistarehe na wanafunzi wake. Yohane alimwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha wa pili, kisha wa tatu. Halafu akamwuliza kama aweza kufanya hivyo pasipo kupumzika. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Na roho ya mtu ni vivyo hivyo.

Basi furaha ni halali. Lakini gharama yake je? Hapa ndipo penye kazi, maana gharama ya furaha haimalizikii mlangoni pa kukatia tiketi. Mafuta ya jenereta huwa moshi, chupa huenda mtoni, na mwenye kufagia huja asubuhi wakati wenye kucheza wamelala.

Katika jimbo la Oxfordshire, nchini Uingereza, kulianzishwa mwaka 2008 tamasha dogo la muziki liitwalo Wood, katika viwanja vya nyumba ya kale ya Braziers Park. (Katika nyumba hiyo ndimo Ian Fleming, mtungaji wa hadithi za James Bond, alimoishi utotoni.) Waanzilishi wake, ndugu wawili Robin na Joe Bennett, walikuwa wamekwisha kuanzisha tamasha jingine, liitwalo Truck, mwaka 1998. Katika hili la pili walitaka kujua kama watu waweza kufurahi siku chache shambani pasipo kuliachia shamba majeraha. Jukwaa likapata umeme wa jua. Vyoo vikawa vya mboji: badala ya kumwaga maji, mtu hutia konzi ya maranda ya mbao, na kilichomo huachwa muda mrefu kikaoza hata kikawa udongo wa kurutubisha. Watoto nao hawakusahauliwa, wakapewa kazi za mikono kama watu wazima.

Lakini lililotupendeza kupita yote ni disko lao la baiskeli. Vyombo vya muziki hupata nguvu kutoka baiskeli zilizosimamishwa mahali pamoja na kufungwa dainamo, na watu huzinyonga kwa zamu. Mtu mzima mwenye afya, akinyonga kwa mwendo wa kudumu, hutoa nguvu ya wati 75 hadi 100 hivi. Kwa hiyo baiskeli moja haitoshi, sharti ziwe kadhaa. Wanyongaji wakichoka wote, muziki hunyamaza.

Tazama jambo hili lilivyo na maana. Mwenye kucheza amwona kwa macho yake mtu atokwaye jasho ili yeye acheze. Hawezi kusema hakujua. Tena baada ya nyimbo mbili tatu aona haya, ashuka uwanjani kwenda kumpokea mwenzake. Hakuna aliyemhubiria. Katika karamu zetu nyingi mlipaji amefichwa nyuma ya ukuta pamoja na jenereta, na kwa kuwa hatumwoni twadhani hayupo.

Hii ndiyo faida ya udogo. Hatusemi kwamba kikubwa ni kibaya. Tamasha la Glastonbury, lililoanza mwaka 1970 katika shamba la ng'ombe wa maziwa, hukusanya watu wapatao laki mbili, na hata hivyo mwaka 2019 lilikoma kuuza vinywaji katika chupa za plastiki za kutupwa. Tena kuna miaka ambayo shamba huachwa lipumzike, kama vile 2018. Huo ni uamuzi wa watu wenye busara. Ila mtu mmoja kati ya laki mbili akitupa kopo chini, hamjui atakayeliokota, wala mwokotaji hamjui yeye. Penye watu mia chache haya hufanya kazi ambayo amri haiiwezi.

Twajua yatakayosemwa: kwamba haya ni michezo ya watu walioshiba, wanaonunua usafi wa dhamiri pamoja na tiketi. Neno hili lina ukweli ndani yake. Katika matamasha ya namna hii sehemu kubwa ya moshi haitoki jukwaani bali katika safari za wasikilizaji. Mtu aliyepanda ndege ili akasikilize gitaa lililopata nguvu ya jua amejifurahisha, naam, lakini asijisifu. Kwa hiyo kipimo cha kwanza si choo wala baiskeli, bali ni kama wenye kufurahi wametoka karibu.

Na kwa kipimo hicho, ndugu msomaji, wako watu wa kwetu ambao hakuna aliyepata kuwaita watunza mazingira. Huko Chamwino, mkoani Dodoma, tangu mwaka 2009 kumekuwa na tamasha la muziki wa Wagogo, ambalo vikundi vya vijiji hukutania. Zeze na marimba havidai umeme, wala zile ngoma za muheme ambazo akina mama huzibana mapajani na kuzipiga.

Lakini mara nyingi arusi zetu na jubilei zetu zimekwenda njia nyingine. Tulipokatazwa mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, wengi walinung'unika, kisha wakazoea vikapu. Chupa za maji bado twaziacha uwanjani kwa mamia. Na vipaza sauti twavielekeza nje, usiku kucha, kwa watu ambao hatukuwaalika. Katika nyumba ya tatu huenda yupo mgonjwa, au mama aliyejifungua juzi, au kijana mwenye mtihani asubuhi. Kabla ya kamati ya arusi kukubaliana na mwenye muziki, je, kuna mjumbe hata mmoja aliyetumwa kupiga hodi pale na kuuliza?